Uzi na Nati

Timazi langu si la dukani.
Ni nati ya chuma aliyotoka nayo baba
mgodini Kilembe, mwaka mashine ziliponyamaza.
Akaifunga uzi wa katani, akanipa bila hotuba.

Miaka kumi na tisa ilikaa mfukoni
ikigongana na funguo na sarafu.
Nilikuwa na jicho. Kasese nzima ilijua:
Thembo hapimi, Thembo hutazama.
Nikifumba la kushoto, tofali hukaa lenyewe,
na vibarua hucheka kwa heshima, nami nacheka
kama mtu aliyeuumba mlima.

Nilisali, ndiyo. Jumapili, shati jeupe.
Nilimweleza Mungu nitakayofanya wiki ile,
kisha nikamwomba asaini.

Mwezi wa nne, nyumba ya Mama Kabugho,
yule ambaye mto Nyamwamba ulimbebea ile ya kwanza,
sufuria, vitanda, mbuzi wawili na mlango.
Ukuta wa magharibi ulikuwa umefika kwenye lenta.
Mbambu, binti wa kuchanganya mchanga,
miaka kumi na minane, matope hadi viwikoni,
akasimama na karai kichwani, akasema:
"Fundi, ukuta huu unasikiliza mambo ya jirani."

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa.
Akainamisha macho, akaenda kuchota maji.

Usiku usingizi ulinikataa.
Ile nati, ndani ya suruali iliyotundikwa msumarini,
iligonga ubao kila upepo ulipopita dirishani,
taratibu, kama mgeni apigaye hodi na kungoja.
Saa nane nikavaa, nikachukua tochi,
nikapanda juu ya pipa, nikateremsha uzi.

Ikayumba. Ikayumba kidogo. Ikatulia.
Vidole vitatu.

Nilipiga magoti kwenye kokoto, wala sikuwa na uchaji,
miguu tu iliishiwa nguvu;
na nikiwa pale chini nikaona jambo
ambalo ngazi haijawahi kunionyesha:
nati haijui kitu. Haina jicho, haina cheti.
Imekubali kuning'inia,
na kinachoivuta hakionekani,
na kwa hiyo husema kweli.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nilijenga ukuta ili nisiuone ufa.

Asubuhi nilishika nyundo mbele ya watu wote.
Tofali la kwanza ni gumu kuliko yanayofuata.
Saruji nikalipa mimi, mifuko sita,
na baiskeli ikaenda kwa Muhindo wa Bwera.
Mama Kabugho hakunisifu. Alileta chai ya rangi
akaniuliza kama mvua itatuwahi.
Mbambu nilimwomba radhi; akasema, "Haya,"
akaendelea kuchekecha mchanga.

Siku hizi sala yangu ni fupi.
Kabla sijagusa mwiko nateremsha uzi,
nangoja utulie.
Kungoja ndiko kazi. Mkono unawasha,
unataka kuushika, kumsaidia Mungu kidogo.
Ee Bwana, nipe uzito nisipeperushwe,
nipe udogo nienee mfukoni mwako.

Na kwa mwanangu anayetaka kuacha shule,
na kwa deni la duka, na kwa ulimi wangu huu,
nateremsha uzi uleule. Kuna siku upepo ni mwingi,
nami nakaa juu ya pipa hadi jua kali,
wapita njia wakiulizana fundi amekwama wapi.

Jana nilisahau. Kona ya jiko, nikaipitisha kwa jicho.
Mbambu hakusema neno.
Alinyoosha mkono wake wa matope, kiganja juu,
nami nikaingia mfukoni, nikampa nati.